Kinda wa mieleka mwenye kipaji: abaki timu ya shule au aondoke?

Umeshinda mapambano yote 179 ya sekondari. Umebakiza mwaka mmoja umalize shule. Unaiachaje timu?

Kyle Snyder wa Maryland, Marekani, aliiacha. Mwaka wake wa mwisho alihamia kituo cha mazoezi ya Olimpiki kilichoko Colorado Springs. Sababu? Mieleka ya shule na ya Olimpiki si mchezo mmoja.

Tofauti iko wapi?

Shule za Marekani zina mtindo wao. Cha muhimu ni kumdhibiti mpinzani chini, na wa chini akichomoka anapata pointi 1.

Kwenye mtindo huru wa Olimpiki, kuchomoka hakukupi kitu. Unapata pointi ukimgeuza mpinzani mgongo ukaelekea chini, au ukimsukuma nje ya duara. Mkilala chini bila kinachoendelea, refa anawainua fasta.

Mbona wengi wanabaki?

Makocha wa vyuo vikuu wanatafuta vipaji shuleni, na vyuo vinafuata mtindo huohuo. Kwa familia nyingi, ufadhili wa masomo si kitu cha kuchezea.

Na shule haizibi njia. Jordan Burroughs alipitia shule na Chuo Kikuu cha Nebraska. Mwaka 2011 alikuwa bingwa wa vyuo na wa dunia, kisha akabeba dhahabu London 2012.

Na wasichana?

Helen Maroulis, naye wa Maryland, alikuwa akipambana na wavulana shuleni. Lakini Olimpiki mwanamke hukutana na mwanamke. Mwaka wa mwisho alihamia kituo cha Olimpiki kilichokuwa Michigan, kufanya mazoezi na wasichana wenzake.

Rio 2016, Snyder na Maroulis wote walirudi na dhahabu. Maroulis alimfunga Saori Yoshida wa Japani, bingwa mara 3 wa Olimpiki.

Kwa hiyo?

Angalia jambo moja: wote wawili waliondoka mwaka wa mwisho, si mwanzoni. Shule iliwalea kwanza. Na Snyder hakupoteza chuo. Alienda Ohio State na kuwa bingwa wa vyuo mara 3. Alichokosa ni msimu wa mwisho na wenzake, na huo haurudi.

Mzazi au kocha anaweza kujiuliza swali moja tu: huyu mtoto bado anakutana na mtu wa kumsumbua mazoezini? Kama yupo, abaki. Kama hayupo, muda wa kumtafutia kwingine umefika.