Je, Wajua? Mlinzi wa Mkate, Duke wa Kike na Vioja Vingine vya Vyeo vya Kiingereza

Ukiwasikia Waingereza wakiitana "lord", "earl", "duke" na "majesty", utadhani ni madoido ya ikulu tu. Kumbe kila jina lina kisa chake, na kuna wakati wabunge wazima wamebishana majuma kadhaa kwa ajili ya neno moja.

Bwana mkubwa ni mlinzi wa mkate

Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, "lord" lilitamkwa "hlafweard", yaani mlinzi wa mkate. "Lady" lilikuwa "hlæfdige", mkandaji wa mkate. Na mtumishi wa nyumba yao? Aliitwa mla mkate! Ukubwa wa mtu ulipimwa kwa vinywa anavyovilisha. Kwa hesabu hiyo House of Lords, baraza la juu la Bunge kule London, ni nyumba ya walinzi wa mikate. Hili nimelipenda kuliko yote, ndiyo maana nimelitanguliza.

Knight alikuwa kijana wa kutumwa

"Cniht" alikuwa mvulana, mtumishi. Wajerumani wana neno la ukoo huohuo, "Knecht", nao wameliacha palepale chini: kwao ni mtumishi. Kwa Waingereza kijana huyo alipanda farasi, akavaa deraya, na leo anayeguswa begani kwa upanga wa mfalme hutoka pale akiitwa "Sir".

Mke wa mfalme ni malkia, ila mume wa malkia si mfalme

"Queen" hapo kale lilimaanisha mwanamke au mke, basi. Ndiyo maana hadi leo linabeba watu wawili tofauti kabisa: mwanamke anayetawala na mwanamke aliyeolewa na anayetawala. "King" halikopeshwi hivyo. Victoria aliolewa na Albert mwaka 1840, na Albert akasubiri hadi 1857 kupewa rasmi jina la "Prince Consort". Philip, mume wa Elizabeth wa Pili, aliuacha uanamfalme wa Ugiriki na Denmark mwaka 1947 ili amwoe, akapewa udyuki wa Edinburgh, na hakufanywa mwanamfalme wa Uingereza hadi 1957. Kwa miaka kadhaa bintiye ni princess, yeye ni duke! Hofu ni kwamba neno "king" likiingia nyumbani litamfunika malkia mwenyewe. Waliovuka kizuizi hicho ni wachache: Philip wa Hispania alipomwoa Mary wa Kwanza mwaka 1554, na William wa Tatu aliyetawazwa pamoja na mkewe Mary mwaka 1689.

Earl hana mwenzake wa kike

Mke wa duke ni duchess, mke wa baron ni baroness. Mke wa earl? Countess! "Earl" ni neno la wenyeji, ndugu wa "jarl" la watu wa Skandinavia, na halikuwahi kuwa na umbo la kike. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikuja na "count" lao la Kifaransa, na Waingereza wakafanya jambo la ajabu: mume wakamkataa, mke wakamchukua.

Marquess, cheo kilichokataliwa kwa ugeni wake

Ngazi za makabaila wa Uingereza ni tano. Kutoka juu: duke, marquess, earl, viscount, baron. "Duke" linatokana na neno la Kilatini la kiongozi wa jeshi, na wa kwanza Uingereza alikuwa Edward, mwana wa mfalme, aliyepewa Cornwall mwaka 1337. "Marquess" ni mtu wa mpakani, aliyekabidhiwa ardhi inayopakana na adui. Cheo hicho kiliingia Uingereza mwaka 1385, na kilipokelewa kwa mashaka. John Beaufort alipopokonywa cheo hicho na baadaye wabunge, mwaka 1402, wakaomba arudishiwe, yeye mwenyewe alikataa: jina lenyewe, alisema, ni geni katika ufalme huu.

Kuna hata mtu aliyezipanda ngazi zote tano. Mwaka 1809 Arthur Wellesley, jenerali aliyekuwa akipigana na majeshi ya Napoleon kule Ureno na Hispania, alifanywa baron na viscount kwa mpigo. Mwaka 1812 akawa earl, na kabla mwaka haujaisha akawa marquess. Mwaka 1814 akawa Duke wa Wellington. Ni kama utingo wa daladala kumiliki kampuni ya mabasi ndani ya miaka mitano. Na Waterloo, vita vilivyompa umaarufu wake mkubwa, ilikuwa bado mwaka mzima mbele. Kufikia hapo ngazi zilikuwa zimekwisha.

Cheo chenye bei

Mwaka 1611 Mfalme James wa Kwanza, mwenye madeni mengi, alibuni cheo kipya, "baronet", kwa pauni 1,095. Bei haikuokotwa hewani: ilikuwa gharama ya kuwalipa askari 30 kule Ulster, Ireland, kwa miaka mitatu. Baronet huitwa "Sir" na hurithisha cheo, lakini hayumo katika zile ngazi tano. Nani asingenunua?

Aliyekuwa na kila kitu cha mfalme isipokuwa jina

Oliver Cromwell alikuwa miongoni mwa waliotia saini hati ya kumkata kichwa Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1649. Mwaka 1657 Bunge likamwomba awe mfalme. Usidhani walikuwa wakimbembeleza tu. Mamlaka ya "king" yalijulikana: sheria za karne nyingi zilikuwa zimeyawekea mipaka. "Lord Protector", cheo alichokuwa nacho tangu 1653, kilikuwa kipya, na hakuna hakimu aliyejua kinaishia wapi. Wabunge walitaka kumfunga kwa taji!

Akafikiri, akasali, akashauriana, akakataa. Kisha mwezi Juni mwaka huohuo akaapishwa akiwa amevaa joho la zambarau, ameshika fimbo ya dhahabu, ameketi juu ya kiti kilekile cha kutawazia wafalme, kilichobebwa kutoka kanisa la Westminster. Taji tu ndilo halikuwapo. Mwaka uliofuata alifariki, na aliyemrithi ni nani? Mwanawe Richard.

Malkia huku, kaisari kule

Mwaka 1876 Bunge lilipitisha sheria ya kumwongezea Victoria jina la "Empress" wa India, na tarehe 1 Januari 1877 likatangazwa Delhi kwa mbwembwe kubwa. Mwenyewe hakuwepo, India hakuikanyaga maisha yake yote. Wapinzani walinung'unika kwamba neno hilo lina harufu ya udikteta wa kigeni. Lakini kulikuwa na mambo ya kifamilia pia: binti yake mkubwa alikuwa ameolewa na mrithi wa kaisari wa Ujerumani, na siku moja angekuwa empress wakati mama ni queen tu. Mambo ya protokali hayo, msicheze nayo. Jina liliondolewa mwaka 1948, chini ya mwaka mmoja baada ya uhuru wa India.

Mfalme wa Buganda alipopunguziwa neno

Mkataba wa 1900 kati ya Uingereza na Buganda una kifungu kinachosema kwamba mfalme ataitwa tangu hapo "His Highness the Kabaka". Daudi Chwa, mwenye cheo, alikuwa mtoto mdogo, na waliotia saini kwa niaba yake walikuwa watawala wa muda. Linasikika kama heshima, sivyo? Lakini katika kamusi ya himaya, "Highness" iko chini ya "Majesty", na "Majesty" alikuwa mmoja, London. Sultani wa Zanzibar naye kwenye karatasi za Waingereza alikuwa "His Highness". Kichekesho ni kwamba hadi zama za Henry wa Nane, wafalme wa Uingereza wenyewe waliitwa "Highness" pasipo kulalamika.

Mrithi wa hakika na mrithi wa mpaka-sasa

Elizabeth wa Pili alipanda Treetops, hoteli ya juu ya mti karibu na Nyeri, Februari 1952, akiwa bado si mrithi wa hakika wa baba yake. Kiingereza kina warithi wa aina mbili: "apparent", asiyeweza kupitwa na mtoto yeyote atakayezaliwa, na "presumptive", anayeshikilia nafasi hadi mwenye haki zaidi azaliwe. Kwa sheria ya wakati ule, mdogo wake wa kiume, hata angezaliwa Elizabeth akiwa tayari na umri wa miaka 25, angempita. Sheria ya 2013 ilifuta jambo hilo kwa waliozaliwa baada ya tarehe 28 Oktoba 2011, ndiyo maana Charlotte, kitukuu wa Elizabeth, hakusogezwa nyuma alipozaliwa mdogo wake Louis mwaka 2018.

Tanganyika ilikuwa na malkia

Kuanzia tarehe 9 Desemba 1961 hadi siku kama hiyo mwaka 1962, mkuu wa nchi huru ya Tanganyika alikuwa Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull, huku Nyerere na kisha Kawawa wakiwa mawaziri wakuu. Kenya nayo ilikaa hivyo mwaka mmoja, hadi Desemba 1964. Zanzibar haikupitia huko: ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 ilikuwa na sultani wake.

Duke wa kike

Mfalme wa Uingereza ndiye pia Duke wa Lancaster, na akiwa mwanamke habadiliki kuwa duchess. Pale Lancashire, Victoria na Elizabeth waliinuliwa glasi wakiitwa "duke". Visiwa vya Jersey na Guernsey humwita mfalme Duke wa Normandy, ingawa Normandy yenyewe ilikwenda kwa Wafaransa mwaka 1204 na dai lake rasmi likaachwa kwa mkataba wa 1259. Kwa miaka 70 visiwani humo walikunywa kwa afya ya "Malkia, Duke wetu". Tangu Septemba 2022, Charles alipoingia, sentensi imenyooka.