Daftari la Nyangumi

Katika msimu wa 2015 hadi 2016, wanasayansi wa Marekani walikadiria kwamba nyangumi wa kijivu wanaopita pwani ya California walikuwa karibu 27,000. Msimu wa 2024 hadi 2025, makadirio yalikuwa yameshuka hadi karibu 13,000. Msiba mkubwa kiasi hicho ungeweza kupita bila mtu kujua, kwa kuwa baharini hakuna makaburi, na mizoga mingi huzama kabla ya kusukumwa ufukweni. Umejulikana kwa sababu kuna watu waliosimama juu ya majabali yanayotazama bahari, mwaka hadi mwaka, wakihesabu. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sehemu kubwa ya daftari la nyangumi inaandikwa na raia wa kawaida wanaojitolea bila malipo, na wako wanaoiona kazi yao kuwa burudani ya wapenda bahari. Mimi naamini ni chombo kamili cha sayansi, na kwamba nguvu yake imo katika kurudia kazi ileile, mahali palepale, kwa uaminifu uleule.

Kwanza tuelewe kwa nini mnyama wa tani thelathini anayeishi majini anaweza kuhesabiwa na mtu aliye nchi kavu. Nyangumi wa kijivu hula majira ya kiangazi katika bahari za Bering na Chukchi, karibu na Aktiki, wakichimbua tope la chini kutafuta viumbe wadogo jamii ya kamba. Baridi ikikaribia hushuka kusini hadi kwenye ghuba tulivu za Baja California, Mexico, ambako huzaa na kunyonyesha. Kwenda na kurudi ni kilomita 16,000 hadi 20,000, na kwa muda mrefu wa safari hiyo hawali karibu chochote. Wanaishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini. Kwa bahati njema, wengi wao huambaa na pwani. Mwenye darubini huona mvuke wa pumzi ukiruka mita tatu au nne, kisha mgongo usio na pezi, na pengine mkia unapoinuka. Nyangumi hupumua mara kadhaa, huzama dakika chache, kisha huibuka mbele kidogo akiwa kwenye mwelekeo uleule. Mnyama mwenye msimu, njia na mwendo unaotabirika namna hii anaweza kuandikwa kwenye daftari.

Mfano mzuri ni Point Vicente, katika rasi ya Palos Verdes kando ya Los Angeles. Tangu 1984, tawi la Los Angeles la American Cetacean Society limekuwa likipanga zamu za watu wa kujitolea mahali hapo. Zamu huanza Desemba na kuendelea hadi Mei, tangu jua kuchomoza mpaka kuzama. Wanachoandika kinazidi idadi: saa nyangumi alipoonekana, anaelekea wapi, yuko na ndama au la, anafanya nini, upepo ukoje, na siku hiyo jicho linafika umbali gani. Kaskazini zaidi, Granite Canyon karibu na Carmel, watafiti wa shirika la serikali linaloshughulikia bahari na anga, NOAA, wanafanya hesabu yao rasmi. Mfululizo wao katika sehemu hiyo ya pwani ulianza 1967. Hao ndio wanaotoa makadirio ya kundi zima. Wa Point Vicente wanatoa kitu kingine: picha ya kila siku ya msimu mzima, ambayo bajeti ya watumishi wanaolipwa ingeimudu kwa shida.

Picha hiyo imeshatoa matunda. Kwa kulinganisha madaftari ya miaka mingi, watafiti waligundua kwamba katikati ya msafara wa kusini, ambayo zamani ilikuwa ikipita California karibu na 8 Januari, ilisogea hadi karibu 15 Januari baada ya 1980. Ndama waliozaliwa njiani, kabla mama zao hawajafika Mexico, walikuwa wakionekana kwa nadra kabla ya katikati ya miaka ya 1970, baadaye wakazidi. Utafiti uliochapishwa 2004 ulitumia kumbukumbu za Point Vicente pamoja na za vituo vingine kuuliza maana yake: je, nyangumi wamekuwa wengi, au wanachelewa kuondoka kaskazini kwa kuwa bahari yao imebadilika? Hakuna mtu mmoja aliyeona wiki hiyo moja ikisogea. Ilionekana pale tu kurasa za miongo kadhaa zilipowekwa sambamba.

Pingamizi la kwanza ni kwamba watu wa kujitolea si wataalamu, na kwamba nyangumi wengi huwapita bila kuonekana: usiku, penye ukungu, au mbali nyuma ya visiwa. Ni kweli, na ndiyo maana idadi ya Point Vicente haipaswi kamwe kutajwa kana kwamba ndiyo idadi ya nyangumi wote. Lakini mzani wa kliniki unaozidisha robo kilo kila siku bado utamwonyesha mama kama mtoto wake anakua au anadhoofu, mradi mzani usibadilishwe. Kwa hiyo wanaojitolea hupewa mafunzo, hukaa zamu pamoja na wazoefu, na huandika hali ya hewa ili siku mbaya isihesabiwe sawa na siku njema. Huko Granite Canyon, watafiti wamewahi kuweka makundi mawili yanayohesabu bila kuwasiliana ili wajue kila kundi linakosa wangapi, na wametumia kamera zinazonasa joto kupima mwendo wa usiku. Hata wataalamu, basi, hawaoni wote. Wanachofanya ni kupima ukubwa wa wasichokiona.

Pingamizi gumu zaidi liko ndani ya hilo la kwanza. Je, ikiwa nyangumi wamebadilisha njia, wakapita mbali zaidi na pwani? Kituo kimoja kingeona upungufu usiokuwapo. Jibu ni kwamba ushahidi usitegemee jicho moja. Hesabu rasmi ya Granite Canyon ilipoanza kushuka, mizoga nayo ilikuwa ikiongezeka: kati ya mwisho wa 2018 na Novemba 2023, nyangumi wa kijivu 690 walikutwa wamekwama au wamekufa katika pwani za Mexico, Marekani na Kanada. Hesabu ya ndama wanaorudi kaskazini, iliyoanza 1994, ilitoa makadirio ya ndama wapatao 85 tu mwaka 2025, ambayo ni ya chini kuliko yote yaliyotangulia. Mashahidi wanaofanya kazi kwa njia mbalimbali wakisema neno moja, kisingizio cha njia kubadilika hakisimami.

Wengine husema teknolojia imeshawastaafisha watu wa majabalini. Droni hupima unono wa nyangumi, setilaiti humfuatilia mmoja mmoja, na kompyuta hutambua mvuke wa pumzi kwenye picha. Vyombo hivi ni vya thamani, na vinapaswa kutumika. Lakini havina miaka arobaini nyuma yao. Ili kujua kama kamera ya leo inaona wengi au wachache kuliko 1990, lazima ifanye kazi kwa misimu kadhaa sambamba na macho ya binadamu, yaani na daftari lilelile linalodaiwa kupitwa na wakati.

Linabaki swali zito: kuhesabu kunaokoa nini? Daftari pekee haliokoi nyangumi. Hata hivyo, ni kwa hesabu kwamba nyangumi wa kijivu wa mashariki mwa Pasifiki, waliokaribia kumalizwa na wawindaji katika karne ya 19, waliondolewa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini mwaka 1994. Ni kwa makadirio hayohayo kwamba Tume ya Kimataifa ya Nyangumi hupanga ni wangapi wanaweza kuvuliwa na wenyeji wa Chukotka, Urusi, ambao nyangumi ni chakula chao. Na utafiti wa 2023 ulipohusisha kupanda na kushuka kwa kundi hili na barafu na chakula cha Aktiki, ulisimama juu ya zaidi ya miaka hamsini ya kuhesabu. Bila mfululizo huo tungekuwa na mizoga na uvumi tu.

Hoja hii inafika hadi kwetu. Kila mwaka, wakati wa kusi, nyangumi wa nundu hutoka Antaktika na kupanda hadi pwani za Msumbiji, Tanzania na Kenya kuzaa na kulea. Nchini Kenya, tangu 2011, mtandao wa kufuatilia mamalia wa baharini umekuwa ukikusanya taarifa za wavuvi na mabaharia. Ni mwanzo mzuri, lakini taarifa za kubahatisha hutuambia nyangumi wapo. Kama wanaongezeka au wanapungua, haziwezi kutuambia. Pwani yetu kwa sehemu kubwa ni tambarare, na pengine tutahitaji mnara wa taa au paa refu badala ya jabali. Tutahitaji pia wanafunzi na wavuvi waliofunzwa, saa zilezile, na chuo au taasisi itakayotunza kumbukumbu kwa miongo. Gharama si kubwa. Ugumu uko kwenye subira, maana miaka ya mwanzo haitatoa habari yoyote ya kusisimua. Tusiisubiri hiyo habari ndipo tuanze: mwaka ambao haukuhesabiwa hauwezi kuhesabiwa baadaye, na atakayeuliza tumepoteza nini atahitaji ukurasa ulioandikwa kabla hatujapoteza.