Ngoma Iliyomo Sikioni

Gusa ngoma inapopigwa. Ngozi yake inatetemeka. Mtetemo huo hutikisa hewa, na hewa hutikisa kiwambo kilichomo ndani ya sikio lako, chembamba kama ganda la kitunguu. Vifupa vitatu vidogo huupokea mtetemo na kuupeleka ndani zaidi, kisha mshipa wa fahamu hufikisha habari yake kwenye ubongo. Hapo ndipo unaposikia.

Nawe mvuvi wa Kojani unayepiga mbizi, sikio likiuma unaposhuka, ni maji yanakibana kiwambo. Usijikaze, panda juu. Kikipasuka, maji huingia ndani, na kizunguzungu kinaweza kukushika usijue juu wala chini.

Sikio likitoka usaha, usilichokoe kwa njiti ya kiberiti. Mafuta ya nazi ni ya nywele. Njoo kituo cha afya, na usipige mbizi mpaka upone.