Mlango wa Pembeni, Saa Kumi na Mbili Jioni

Wanaonipigia simu mara nyingi huanza kwa kumsema mtu mwingine. "Nina binamu yangu," ataniambia mwanamume wa makamo, "pombe imemzidi. Hiyo mikutano yenu iko wapi?" Namweleza kama vile binamu huyo yupo kweli, kisha nauliza iwapo angependa nimngoje getini. Kimya. Halafu: "Nitakuja mwenyewe, kaka."

Namba yangu ni mojawapo ya zile ambazo kikundi chetu cha Alcoholics Anonymous hapa Nairobi huwapa wageni. Jina langu silitoi hapa, kwa kuwa huo ndio utaratibu wa AA: mwanachama haweki jina wala sura yake magazetini. Utaratibu huu unatulinda, ila pia unawafanya wanaotuhitaji watupite tu. Hatuna kibao barabarani. Tunakutana katika chumba cha kupangisha nyuma ya kanisa, na humo mna viti vya plastiki na thamosi ya chai. Hata mlinzi ukimuuliza AA iko wapi, atadhani unatafuta chama cha wenye magari, maana Wakenya wengi hiyo ndiyo AA waijuayo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: tafuta mtu kwanza, mahali utapaona baadaye.

Ndivyo AA yenyewe ilivyoanza. Mei 1935 Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York, alikuwa Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara iliyomharibikia. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Akisimama ukumbini mwa hoteli ya Mayflower, huku akisikia vicheko vya baa, alihofia kurudi alikotoka. Akaiendea simu, akatazama orodha ya makanisa na kuanza kupiga, akimtafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Simu hizo zilimfikisha kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekusudia kumsikiliza kwa dakika 15. Walikaa saa kadhaa. Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, na siku hiyo ndiyo AA huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Wewe utaanzia wapi? Tovuti ya aa.org huelekeza kwa vikundi vya nchi mbalimbali. Hapa Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haitozi chochote, na anayepokea amefunzwa kusikiliza. Washauri wa rihabu na wahudumu wa hospitali kama Mathari nao huwafahamu watu wa vikundi. Ukipata ratiba, usiiamini hadi umeongea na mtu, maana kikundi huhama na karatasi ikabaki ukutani. Uliza mlango ni upi. Uliza wanazungumza lugha gani, na kama mkutano ni wa wazi, ambao hata ndugu au rafiki anaruhusiwa, au ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Ukiwa dada, uliza kama kuna wanawake wengine. Ni swali la haki kabisa, na mwanamke mwenzako akikungoja mlangoni utaingia kwa moyo mwingine.

Ndani hakuna fomu ya kujaza. Hakuna ada; kikapu kikipita, mgeni anaweza kukipitisha kilivyo. Kinachotakiwa ni nia ya kuacha kunywa tu. Mtu husimulia yaliyompata, wengine husikiliza bila kumkatiza wala kumhubiria, na ukitaka kukaa kimya hadi mwisho, kaa. Wengi huhofia kwamba ni ibada kwa sababu ya lile kanisa. Sivyo. Hatua 12 tunazozifuata zinamtaja Mungu, lakini kwa namna kila mmoja anavyomwelewa, na Waislamu huketi nasi na kunywa chai ile ile. Kama kikundi cha kwanza hakikukukaa moyoni, jaribu kingine kabla ya kukata shauri. Vikundi hutofautiana mno.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo kila simu inapoingia. Anayekunywa kila siku, akiamka mikono inatetemeka hadi atoe loki, yaani anywe tena ili atulie, asiache ghafla peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa kwa mara moja unaweza kuleta kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na baadaye kuweweseka kunakoweza kuua. Huyo aende hospitali kwanza, atibiwe akiwa chini ya uangalizi. Sisi si madaktari, na mkutano wetu utamngoja.

Kina mama nao hupiga, usiku mara nyingi, mume akiwa bado hajarudi. Wanataka nije nimchukue. Siwezi, na huumia kuwaambia hivyo. Ninachoweza ni kuwaeleza kuhusu Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi vilivyounganishwa mwaka 1951 na Lois, mkewe Bill Wilson, pamoja na rafiki yake, kwa kuwa wake wa walevi nao walikuwa wamechoka. Kama mama hajapata Al-Anon karibu naye, nampa siku ya mkutano wetu wa wazi aje asikilize, hata kama mumewe bado yuko kilabuni.