Ukuta Ndani ya Buni Changa

Katika shamba la kahawa wilayani Mbinga, mibuni miwili inaweza kusimama mstari mmoja, ikanyeshewa mvua moja, kisha mmoja ukapukutisha buni nyeusi na wa pili ukabaki na mzigo wake. Kuanzia Matiri hadi milima ya Umatengo, wakulima huuita ugonjwa unaoozesha buni hivyo chulebuni. Uligunduliwa Kenya mwaka 1922, na chanzo chake ni kuvu inayopenda baridi na unyevu wa nyanda za juu.

Siri ya tofauti hiyo imo chini ya ganda la buni. Mmea hauna damu ya kupeleka walinzi panaposhambuliwa. Kila seli hujilinda pale pale ilipo. Kijimbegu cha kuvu kikitua kwenye tone la maji juu ya buni changa, huota, hujigandisha, kisha hutoboa utando wa nta. Kwa mbuni dhaifu, kidoa cha kahawia kilichobonyea hupanuka kikawa kidonda cheusi hadi kwenye kokwa. Kwa mbuni sugu, seli zilizo chini ya tundu hugawanyika upesi, na kuta zake hujaa suberini, dutu inayofanya gome la mti lisipitishe maji. Kuvu huzingirwa humo ikakosa pa kupita, na juu ya buni hubaki gaga kavu la rangi ya kijivu. Ushindi ni wa kuwahi: ukuta ukichelewa, buni imekwenda.

Ugonjwa mwingine wa kuvu, kutu ya majani, hupita njia tofauti, yaani vitundu vya hewa vilivyo upande wa chini wa jani. Kuvu yake hula seli hai tu, kwa hiyo seli za mbuni sugu zikiitambua hujiua, na mgeni hufa njaa. Uwezo huo wa kutambua hurithiwa. Ndiyo maana mbuni uliopatikana Timor, mseto wa asili wa arabika na robusta, umekuwa mzazi wa aina nyingi za kahawa sugu duniani. Chotara za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa yenye kituo kimojawapo Ugano, Mbinga, zimebeba urithi wa namna hiyo. Lakini kutu nayo hubadilika, na aina iliyokuwa sugu huweza kushikwa baadaye.

Tena kinga hugharimu chakula. Arabika ina asili ya kivuli cha misitu ya Ethiopia. Ikipandwa juani huchanua kupita kiasi, na haijui kuangusha matunda yanayouzidi uwezo wake. Buni hunyonya wanga wa majani, kisha wa mizizi, na cha kujengea kinga hakibaki. Ndiyo maana naihesabu samadi, kivuli na mkasi wa kupogolea kuwa dawa sawa na mrututu wa kunyunyizia. Mti ulioachwa bila matunzo hayo huonekana baada ya mavuno: matawi yamekauka kuanzia ncha, na majani machache yaliyobaki yana unga wa rangi ya chungwa kwa chini.