Kilomita za kwenye Karatasi

Anayelinganisha magari ya umeme huanza na kilomita: chaji ikijaa, litafika wapi? Ni swali la haki, ila namba anayopewa haitoshi kuamulia ununuzi. Nissan Leaf ya kwanza, yenye betri ya uniti 24, ilitangazwa Japani kuwa inakwenda kilomita 200. Kipimo cha Marekani kiliipa 117. BYD Atto 3 ya uniti 60 ina kilomita 420 kwa kipimo cha sasa cha Ulaya na 480 kwa kile cha zamani. Gari ni lilelile, betri ni ileile.

Cha kutazama kwanza ni betri imetengenezwa kwa madini gani. Za nikeli na kobalti hubeba umeme mwingi kwa kila kilo, ndiyo maana magari ya masafa marefu huzitegemea. Za fosfati ya chuma ni nzito zaidi kwa umeme uleule, lakini ni nafuu na huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi. Udhaifu wake mkubwa ni baridi kali, shida ambayo mtu wa Dar es Salaam anaweza kuisahau. Tena Tesla, iliyozitia kwenye magari yake ya masafa ya kawaida mwaka 2021, huwashauri wenye nazo wazichaji hadi zijae, ilhali wa nikeli hushauriwa waishie asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku. Kwa hiyo pengo linaloonekana kubwa kwenye karatasi hupungua barabarani.

Msafiri wa Mombasa hadi Nairobi, kilomita 480 hivi, atasema kwake masafa ndiyo kila kitu. Huyo ndiye namba inamdanganya zaidi. Gari la tani mbili, pamoja na abiria, hutumia uniti 9 hivi kwa kupanda tu kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700, kabla ya upepo na mwendo kudai chao. Kituo cha kuchaji haraka katikati ya njia kina faida kwake kuliko kilomita 50 za nyongeza.

Kwa Leaf za mtumba hesabu ni kali zaidi, kwa kuwa betri zake hazina mfumo wa kuzipoza kwa maji. Mwaka 2012 wenye magari hayo Arizona walilalamika kuwa joto limedhoofisha betri zao mapema. Dashibodi ya Leaf ina vipau 12 vya afya ya betri, na cha kwanza kikizimika, takribani asilimia 15 ya uwezo imeshapotea. Bei ya yadi ipangwe kwa vipau hivyo kabla ya mwaka wa kutengenezwa.