Neno la siri la ruta limepotea: namna ya kuingia na kuweka programu mpya bila kufuta kila kitu

Ndugu wahitimu, na nyinyi finalisti mnaopigana na TFC, leo tuongee juu ya kale kasanduku kanakogawa intaneti.

Hali yenyewe mnaijua. Watu kumi au ishirini wanachanga franka kila mwezi, wanalipa konekisyon moja, ruta inaigawa. Kijana mmoja mjanja aliondoa programu ya kiwandani ndani ya ruta akaweka OpenWrt, ili kila mtu apate sehemu yake na video za wachache zisimalize mega za wote. Halafu kijana akaenda Lubumbashi kutafuta kazi, namba yake haipite tena, na neno la siri limekwenda naye. Ruta ingali inafanya kazi, kwa hiyo hakuna anayejali. Mpaka siku moja mnagundua kwamba mtu aliyeacha kuchanga bado anaingia, au kwamba programu imezeeka na matundu yake ya usalama yanajulikana dunia nzima. Hapo ndipo mtu husema: «Tubonyeze riseti tu, itaisha.»

Ngojeni kwanza. Kwenye OpenWrt, ruta ikiwa imewaka, kushika kitufe cha riseti zaidi ya sekunde tano kunafuta mipangilio yote. Si neno la siri peke yake. Ugawaji wote wa kasi unapotea, na kama konekisyon yenu inatumia jina na neno la siri la kampuni inayowapa intaneti, hayo nayo yanapotea. Kuyapata tena ni kwenda kusimama kwenye giche yao na karatasi zenye jina la mtu ambaye hayupo mjini.

Fikirieni silabi iliyopigwa fotokopi. Maandishi ya profesa yamechapwa, hayafutiki. Wewe unaandika kwa penseli pembeni na juu yake. OpenWrt kwenye ruta nyingi imejengwa hivyo hivyo: chini kuna sehemu iliyobanwa, ya kusomwa tu (inaitwa squashfs), na juu yake tabaka la kuandikwa. Neno la siri, jina la waifai, mipangilio yote, ni penseli. Riseti ndefu ni kifutio. Lakini kuna njia nyingine, nayo ni kuiwasha ruta isome silabi bila kutazama penseli. Njia hiyo inaitwa failsafe. Kwa kuwa neno la siri limeandikwa kwa penseli, ruta ikiwa katika hali hiyo haiulizi neno lolote.

Unaingiaje? Chukua mashini yako na kebo ya mtandao, uchomeke kwenye tundu la LAN, usitumie waifai. Mashini uipe anwani ya kudumu 192.168.1.2, na kinyago cha mtandao 255.255.255.0. Zima ruta, iwashe tena, tazama taa. Itakapoanza kuwakawaka, bonyeza kitufe mara moja, ukirudie haraka kama una wasiwasi. Taa ikianza kuwaka na kuzima kwa kasi zaidi, umeingia. Ukichelewa, zima uanze upya, hakuna kinachoharibika. Watu wengi wanahitaji majaribio matatu au manne, basi usikate tamaa ya kwanza.

Kisha fungua dirisha la amri (Windows 10 za tangu 2018 zina ssh tayari) na uandike ssh root@192.168.1.1. Matoleo ya kabla ya 2015 hutumia telnet badala yake. Ukiwa ndani, andika mount_root. Amri hiyo inalirudisha lile tabaka la penseli ili ulisome na kuliandika. Mtu mwenye haraka angebadilisha neno la siri palepale. Mimi nashauri kwanza uandike cat /etc/config/network na unakili kila unachokiona kwenye daftari, maana jina na neno la siri la kampuni viko pale wazi kabisa. Fanya vilevile na /etc/config/wireless. Halafu passwd, weka neno jipya, kisha reboot -f.

Sasa mlango umefunguka, tuje kwenye programu mpya. Ingia kwa njia ya kawaida na utengeneze nakala ya akiba: sysupgrade -b /tmp/akiba.tar.gz. Ihamishie kwenye mashini yako kwa scp. Ukiona kosa linalotaja sftp, ongeza -O, kwa sababu scp za tangu 2022 zimebadilisha tabia yao. Faili ya toleo jipya ni megabaiti chache tu, unaweza kuishusha kwa telefone. Soma kibandiko chini ya ruta: si modeli peke yake, hata namba ya toleo la chombo. TL-WR841N v9 na v11 zinafanana kwa macho, lakini kila moja ina faili yake. Hakikisha faili imefika nzima: Windows ina certutil -hashfile, ukiongeza SHA256 mwishoni, na jibu lifanane herufi kwa herufi na lile la kwenye ukurasa wa OpenWrt. Ipeleke faili kwenye /tmp ya ruta na uijaribu kwa sysupgrade -T kabla ya kuandika chochote.

Tahadhari kubwa kwetu ni kuran. Wakati wa kuandika, ruta haitakiwi kuzimika hata sekunde moja, na kuran ya Bendera haitoi taarifa inapotaka kwenda. Ruta ya volti 5, kama zile ndogo za GL.iNet, inakaa vizuri kwenye pawabenki. TL-WR841N nyingi zinataka volti 9, kwa hiyo usiifunge moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12.

Kama imezimika katikati, au kijana alijitengenezea toleo lake akaifunga failsafe, bado kuna ngazi ya chini zaidi: programu ndogo inayoiamsha ruta. GL.iNet ukishika riseti wakati wa kuwasha inakufungulia ukurasa wa kupokea faili. TL-WR841N v9 yenyewe inaitafuta faili kwenye kompyuta yenye anwani 192.168.0.66.

Kanuni hii haiko kwenye ruta tu. Mwaka 2017, huko Leipzig, Dennis Giese na Daniel Wegemer walionyesha walivyoingia ndani ya roboti ya Xiaomi inayofagia nyumba. Waligusisha miguu ya chipu kwa karatasi ya aluminiamu, roboti ikashindwa kuwaka kawaida, ikaingia hali ya kupokea programu kwa USB. Ndani walikuta Ubuntu 14.04, mfumo uleule wa mashini za watu.

Mmeshaona basi: anayeweza kukigusa chombo anaweza kukimiliki. Hayo yote yanafanywa kwa ruta yenu, kwa idhini ya wanaochanga, si kwa ruta ya jirani. Na mkimaliza, kasanduku kakae ndani ya kabati lenye kufuli na matundu ya hewa, neno jipya liandikwe kwenye daftari la mweka hazina. TL-WR841N zenye megabaiti 4 za hifadhi zilifikia mwisho na toleo 19.07.10 la mwaka 2022. Kama yenu ni ya namna hiyo, mchango wa miezi ijayo uwe wa kununua nyingine.